Wimbo wa Bihogo

Kila nyumba ilikuwa na spika ukutani, na kila alfajiri spika zote nchini zilipiga albamu ile ile, Malisho: kengele za ng'ombe, mvua ya mbali, nyuzi za zeze juu ya mvumo mtamu wa mashine, na sauti ya mwanamke akiimba. Ilituliza moyo, walisema watu wa mjini. Kuizima lilikuwa kosa.

Kemilembe haikumtuliza. Sauti ile ilikuwa ya marehemu mama yake, akimbembeleza Bihogo, ng'ombe aliyefiwa na ndama, akubali kukamuliwa. Waliomrekodi hawakuuliza anaimba nini. Sasa ng'ombe wa Kemilembe, mwenye ndama mzima anayerukaruka, alisikia msiba kila kukicha, akabana maziwa.

Siku hiyo Kemilembe aling'oa spika, akaitosa kwenye ndoo ya maji, akaketi kukamua huku akiimba wimbo wa uzazi kwa sauti yake mwenyewe. Maziwa yakashuka.

Mkaguzi wa spika akatokea mlangoni. "Mama, umevunja sheria."

"Nimevunja. Mnamlilia ndama wangu angali hai, nami ninyamaze?"

Mkaguzi hakukasirika. Alitabasamu, akainua kinasa sauti. Taa nyekundu ikawaka. "Unamshinda hata marehemu. Endelea, mama. Hii itaingia Malisho ya pili."

Kemilembe akaitazama ile taa. Akauacha wimbo, akavuta pumzi, akapiga yowe, lile ambalo kwao hupigwa fisi akiingia zizini, na kila mtu hutoka kitandani na rungu mkononi.

"Haya," akasema. "Wapigieni nchi nzima hilo."