Mazishi ya Msomi wa Turwa

Tunda walilivisha suti. Lilikuwa tunda la yago, refu kama mkono wa mtu, lililokatwa bondeni asubuhi hiyo na wazee wa ukoo. Kwa Wajaluo mtu akifa na mwili wake usionekane, yago ndilo linalozikwa badala yake. Suti ilikuwa ya bluu, imeshonwa Tarime mjini kwa ajili ya mahafali ya Olima ya mwezi ujao. Wakalilaza ndani ya jeneza, mikono ya koti mitupu.

Zilpa, mama yake, alikuwa amekaa chini kando ya jeneza, machozi yamemkauka. Siku kumi zilizopita watu wenye bunduki waliingia chuo kikuu kimoja ng'ambo ya mpaka, wakawamiminia wanafunzi risasi madarasani, kisha wakachoma bweni moja. Olima alikuwa anasoma huko, mwaka wa nne. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana.

"Tusubiri," Zilpa alisema. "Mkishazika yago, hata akirudi kwa miguu yake haingii tena lango hili. Si ninyi wenyewe mnaosema?"

"Arudi kutoka wapi?" mumewe, Ogola, alijibu kwa sauti ya kufika hadi mwisho wa turubai. "Mwanangu hakujificha chini ya kitanda kama watoto wa watu. Msomi amekufa na kitabu mkononi!"

Kitabu mkononi! Nani alimwona? Lakini ndiye Ogola huyo. Miaka minne Turwa nzima haikupumua. Hakuweza kununua chumvi bila mwenye duka kusikia habari za chuo. Kijana wa jirani akirudi kutoka machimboni na vumbi lake, Ogola alimwita profesa wa matope, na watu walicheka. Ng'ombe walitoka zizini mmoja mmoja kwenda kuwa ada, na kila alipotoka mmoja majigambo yalinenepa. Mahafali alishayatangaza hadi kanisani, kwamba mtaa mzima utakula fahali. Sasa fahali huyohuyo alikuwa kwenye masufuria ya msiba.

Na walaji hawakukosa. Stanslaus, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa hamjui Olima hata kwa sura, alisimama akasema taifa limepoteza daktari. Aliyemfuata akasema mhandisi. Debe tupu haliachi kuvuma. Hakuna aliyejisumbua kuuliza marehemu alikuwa akisomea nini, maana nyama ilikuwa inakaribia kuiva.

Gladys, mdogo wake Zilpa aliyeolewa Migori, upande wa Kenya, alisogea akamshika dada yake bega.

"Dada, mimi nimeenda hiyo chuo. Nimeenda hospitali, nimeenda mochari. Jina ya Olima haiko. Haiko kwa wenye wamekufa, haiko kwa wagonjwa. Hata kwa wenye wamepona haiko."

Ogola alimsikia. "Wakenya! Wameshindwa kulinda watoto, wataweza kuandika majina? Shemeji, kula wali wako unyamaze."

Watu wakacheka, tena msibani. Zilpa aliona aibu kuitwa mke wa mtu yule. Alikuwa amemwomba wavuke mpaka wa Sirari wakamtafute mtoto wao wenyewe, naye akasema hana nguvu. Gladys alipowaambia kwamba wazazi wanatolewa damu ili maiti zilizoungua zitambulike, Ogola alisema damu yake si ya kuchezewa. Baba gani huyu? Zilpa alijituliza kwamba kila mtu ana namna yake ya kulia, na ya mumewe ni kelele.

Mzee wa ukoo aliinama mbele yake.

"Mama Olima, wewe ndiye uliyemzaa. Bila neno lako hatumfukii. Ukikataa, tunalirudisha tunda bondeni na tunangoja."

Ogola alimkazia macho mkewe, jasho likimtoka.

Zilpa aliitazama ile suti. Akiwaambia wangoje, na Olima amekwisha kuwa majivu, atakuwa amemwacha mwanawe nje bila kaburi kwa sababu ya ubishi wa mama. Akiwaambia wazike, na yuko hai mahali, atakuwa amemfungia lango kwa mkono wake mwenyewe. Alifikiri mpaka kichwa kikamuuma. Siku kumi ni nyingi. Mtoto aliye hai angempigia mama yake.

"Mzikeni," alisema.

Ogola alishusha pumzi ndefu. Alivua koti, akamrushia mkewe, akalikimbilia sepetu. Hakuna aliyepata kumwona akifanya kazi kwa bidii namna ile. Udongo uliingia, kwaya ikaimba, mwenyekiti akajisogeza mbele apate kuonekana kwenye picha. Walipomaliza walishindilia kwa miguu, na mzee wa ukoo akatamka kwamba Olima, mtoto wa Ogola, ametoka katika hesabu ya walio hai.

Wageni walijipanga kumpa Ogola mkono. Aliipokea mikono hiyo kifua mbele, baba wa shujaa.

Ndani ya koti la mumewe, mapajani mwa Zilpa, simu ililia. Namba ilikuwa ngeni. Tangu asubuhi pole zilikuwa zikiingia mfululizo kutoka kwa ndugu wa pande zote mbili za mpaka, na mtu aliyetaka kumpa mfiwa pole hakustahili kunyimwa jibu. Zilpa alipokea akaiweka sikioni.

Kabla hajafungua mdomo, alisikia karasha la kusaga mawe ya dhahabu likinguruma, na juu yake sauti ya Olima ikiongea upesi upesi:

"Baba, mmeshanizika?"