Hodi kwa Wachimba-Majani

Siku hizi huruhusiwi kuua mdudu kabla balozi wa nyumba kumi hajamtambua kwa kifaa chake. Nilimwonyesha balozi wetu, Mzee Shebughe, jani la mti wa mkungu wa mapambo ulio uani kwangu, limejaa vijia vyeupe kama mwandiko wa chekechea.

“Viwavi wachimba-majani,” alisema. “Wanaishi humo humo ndani ya jani.”

“Nipulize dawa?”

“Thubutu! Ukoo wao uko hapa miaka arobaini. Wewe umehamia lini?”

“Juzi tu, baba.”

“Uliwapigia hodi?”

Ikabidi niinamie jani, majirani wakichungulia, nikapiga hodi tatu. Jani kimya.

“Hodi tatu bila karibu, mgeni hufanyaje?”

“Huondoka,” nilijibu huku nikicheka.

Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akatoka anaburuta godoro langu.

“Shika upande huo, mama.”