Sahani Tatu Kliniki

Evaline hakuwahi kuuogopa wali kama alivyouogopa Alhamisi ile. Ulikuwa mbele yake, unafuka mvuke, na kando yake kipande cha mgebuka, samaki wa ziwani kutoka Karema, kwenye mchuzi wa nyanya.

Jeannine, mshauri wa kliniki, alifanya ishara ya msalaba, akashika kijiko chake na kuanza kula.

Mezani walikuwa watatu: Jeannine, Evaline mwenye miaka kumi na tisa, na mama yake, Rozalia. Kwa miezi minane mama na binti walikuwa wakipanda basi kutoka Sibwesa hadi Mpanda mjini kila wiki. Sheria za Jeannine zilikuwa chache. Wote wanakula chakula kilekile, kila mtu anamaliza cha kwake, na baada ya hapo hakuna kutoka chumbani kwa nusu saa, hata kwenda chooni.

Mambo yalianza kwa mzaha. Kwenye sherehe ya kipaimara, shangazi Eufrazia alisema mbele za watu kwamba wanawake wa nyumba ile wanaumuka kama maandazi. Watu wakacheka, wakasahau. Nyumbani kwa Rozalia haikusahaulika. Chakula kikaanza kumwagiwa kuku kwa siri. Kukawa na kutapika nyuma ya ghala. Sketi zikapwaya, nywele zikakatika. Jirani mmoja akanong'ona kuwa ni kurogwa, mwingine kuwa ni mimba. Mpaka siku ya kuvuna mpunga, Bartolomeo, baba yake Evaline, akajikuta anabeba mgonjwa mgongoni kutoka shambani hadi barabarani.

Jeannine ndiye aliyewaambia kwamba huo ni ugonjwa, wala si kiburi wala uchawi, na kwamba unatibika. Alizungumza nao pamoja, kisha mmoja mmoja. Hata Eufrazia aliitwa. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, akaomba radhi huku analia.

Leo, sahani zikiisha zote, hawatahitaji tena kuja kila wiki. Evaline alilijua hilo, ndiyo maana wali ule ulimtisha.

Rozalia alimtazama, akamsogezea kipande chake cha samaki. "Chukua na hiki, mwanangu. Upate nguvu."

"Mama Evaline," Jeannine alisema taratibu, "kila mtu na sahani yake."

Rozalia akacheka kidogo, akakirudisha. Kisha, kwa kuwa mezani pale hawakuruhusiwa kuongelea chakula, akaanza kuwasimulia habari za jogoo wao, aliyerukia pikipiki ya padri wakati wa kutoka misa na kukataa kushuka. Padri aliondoka naye hadi kigango cha pili. Jioni akamrudisha, akisema kwamba jogoo amehudhuria misa nzima na hakusinzia hata mara moja, tofauti na Bartolomeo.

Jeannine alicheka mpaka akafuta machozi. Evaline naye alicheka, na katika kucheka wali ukaanza kupita. Kijiko baada ya kijiko. Alipotupa macho mezani tena, sahani zote tatu zilikuwa zimebaki na miiba tu.

Nusu saa ya kukaa ilikwenda kwa hadithi nyingine za jogoo. Hakuna aliyetazama mlango.

Ndipo Jeannine akafungua faili, akatoa fomu, akaiweka katikati ya meza. Sauti yake ilikuwa imebadilika kwa furaha.

"Wekeni sahihi hapa," alisema. "Tutaonana mwezi ujao."

Evaline alichukua kalamu. Akaandika jina lake palipoandikwa 'Msindikizaji', kisha akampa mama yake kalamu asaini pale juu, palipoandikwa 'Mgonjwa'.