Chupa ya Mwaka wa Tatu

Sheria inasema mhadhiri wa famasia atatibiwa kwa dawa zilizochanganywa na wanafunzi wake tu. Niliporudi likizo kutoka bweni nilimkuta Mama ana homa, nikamkabidhi kwa heshima zote chupa iliyoletwa na chuo. Aliinusa mara tatu.

“Imechanganywa na mwaka wa ngapi?”

“Wa tatu, Mheshimiwa Profesa.”

“Hao niliwafundisha vipimo?”

Baba alicheka. “Saa ngapi? Mwaka mzima ulikuwa unaandika kitabu cha namna bora ya kufundisha vipimo.”

“Tumsifu, kaninunulie vidonge dukani.”

“Mama, picha zetu sote zimebandikwa pale ili tusiuziwe.”

Baba hakucheka tena. Mama alitazama kipimajoto, kikasoma arobaini, akaniomba kwa sauti ndogo nimletee kijiko.