Mwewe wa Kuigiza

Shule ya vifaranga iliongozwa na Mwalimu Kanga, ndege asiyeamini hata kivuli chake mwenyewe. Kinyonga mpiga ngoma na Kasuku mwigizaji walipopiga hodi, aliwapokea kwa jicho la pembe.

"Tumekuja kuwaigizia watoto somo lao, Mwalimu," alisema Kasuku.

"Somo hukaririwa, haliigizwi. Na huyu mwenzako ana rangi ngapi? Mwenye nyuso nyingi upo mmoja anaouficha."

Lakini wazazi ndio waliowaalika, hakuwa na la kufanya. Akasimama karibu na ngoma, akiwachunga wageni wasije wakaondoka na kifaranga.

"Wanangu, mwewe akija tunafanyaje?" Kinyonga aliuliza.

"Tunakimbilia kichakani!" darasa zima likaitikia, na Kanga akavimba kwa fahari.

Kinyonga akapiga ngoma. Ghafla Kasuku akatoa mlio wa mwewe, akakunjua mbawa, akawashukia.

Hakuna aliyekimbia. Vifaranga walisimama wima, wakafumba macho, wakakariri kwa sauti moja: "Mwewe akija, tunakimbilia kichakani!" Kasuku akapita akimgusa kila mmoja kichwani kwa ukucha.

Wa mwisho kuguswa, na aliyekariri kwa sauti kubwa kuliko wote, alikuwa Mwalimu Kanga.

Alifumbua macho polepole. Akamtazama Kinyonga, akamtazama Kasuku, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akatazama juu angani.

"Rudieni," alisema. "Na safari hii msitupigie ngoma kwanza."