Kisahani cha Salha

Profesa Kisaka aliingia maabara akishikwa mkono, macho yake yamepofuka. Zamani alimfukuza Salha, mwanafunzi wake, akajitwalia ugunduzi wake: utando mwembamba wa kaboni, uitwao grafini, ambao seli shina, zile ziwezazo kukua kuwa sehemu yoyote ya mwili, huota juu yake bila kugeuka saratani. Sasa seli za kumtibu macho zilikuwa kwenye utando huo, ndani ya kisahani alichoshika Salha.

"Nisamehe, mwanangu."

"Waambie wanafunzi hawa utando ni wa nani."

"Ni wako. Niliuiba."

Salha alidhani moyo ungepoa. Haukupoa. Alikifunua kisahani, ambacho pumzi moja ingetosha kukichafua, akakiinamia, akakipumulia. Wanafunzi walitazama. Profesa alitabasamu kwa matumaini, uso ameuelekeza dirishani.