Kijivu Juu ya Nyeupe

Mbunifu wa lebo aliganda mlangoni, roho mkononi. Mama yake alikuwa ameinua uso kuelekea dari, vidole viwili vimepanua kope, na kichupa alichokishika juu ya jicho hakikuwa cha dawa.

Kilikuwa cha gundi. Ile gundi kali ya kubandikia viatu, sampuli aliyoileta jana kutoka kazini na kuiacha mezani kwa maringo, maana lebo yake aliibuni mwenyewe: herufi za kijivu hafifu juu ya nyeupe. Bosi alisema imetulia.

Tone lilianza kuvimba kwenye ncha.

Akipiga kelele, mama atashtuka, na mkono ukishtuka utakibana kichupa.

“Mama,” alisema, akijikaza sauti isitetemeke, “hebu nisomee kwanza hiyo lebo.”

“Wewe nawe! Macho yenyewe unayajua.”

Hata hivyo alikishusha. Tone likadondokea gauni. Akakisogeza kichupa mpaka kikakaribia kugusa pua, akakigeuza huku, akakigeuza kule.

“Nisome nini, mwanangu? Mbona hapajaandikwa kitu?”